IBN SINA NA UVIMBE WA INI

  

Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu, jina la Ibn Sina si geni masikioni mwenu. Lakini ukimuuliza mtu alikuwa nani na alifanya nini hasa, wengi hujibu kuwa alikuwa daktari mkubwa wa Kiislamu, basi, na mazungumzo yanaishia hapo. Mwaka huu tumeona tueleze maisha yake kwa urefu kidogo. Na kwa kuwa aliandika mambo mengi mno, tutashika moja linalotugusa sisi wa Shinyanga na Geita, nalo ni kuvimba kwa ini.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Jina lake ni Abu Ali al-Husayn bin Abdullah bin Sina. Alizaliwa mwaka 370 Hijria (980 Miladia) katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara, ambao leo uko katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake, Abdullah, alitoka Balkh akawa mtumishi katika utawala wa Wasamani. Mama yake aliitwa Sitara. Baadaye familia ilihamia Bukhara, mji uliokuwa na misikiti, wanazuoni na soko la vitabu.

Alipofikisha miaka 10 alikuwa amekwisha soma Qur'ani na sehemu kubwa ya adabu za Kiarabu. Hesabu za Kihindi alifundishwa na muuza mboga. Naam, muuza mboga! Baba yake alisikia kuwa mtu yule anazijua vizuri, akampeleka mwanawe kwake bila ya kuona haya. Fiqhi aliisoma kwa Sheikh Ismail az-Zahid. Kisha akaja mjini mtu anayeitwa an-Natili, baba yake akamkaribisha nyumbani ili amfundishe kijana elimu ya mantiki. Haukupita muda mrefu mwanafunzi akawa anamweleza mwalimu yale ambayo mwalimu mwenyewe hakuyatambua.

Tiba aliisoma mwenyewe vitabuni na kwa kuwatazama wagonjwa, na alipokuwa na miaka 16 matabibu wazima walikuwa wakija kusoma kwake. Hata hivyo msidhani kila kitu kilikuwa chepesi. Kitabu cha Aristotle kinachohusu asili ya vitu alikisoma mara 40, akakihifadhi, na bado hakukielewa. Alikata tamaa. Siku moja sokoni mnadi alimshikilia anunue kitabu, naye akakataa, lakini bei ilikuwa ndogo, dirhamu 3 tu, kwa sababu mwenyewe alikuwa na shida ya fedha. Kilikuwa kitabu cha al-Farabi, na ndicho kilichomfungulia kile kilichomshinda. Kesho yake akatoa sadaka nyingi kwa mafukara kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu. Ameeleza pia kuwa kila mas'ala yalipomwia magumu alikwenda msikitini, akaswali na kumuomba Mola wake amfungulie.

Amiri wa Bukhara, Nuh bin Mansur, alipougua na matabibu wake wakashindwa, kijana huyu aliitwa. Amiri alipopona, Ibn Sina hakuomba dhahabu. Aliomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya jumba la kifalme. Humo akakuta vyumba na masanduku ya vitabu, kila elimu na chumba chake, na vingine hakuviona tena maishani mwake. Sisi tunaoishi juu ya dhahabu tunajua jinsi ombi la namna hiyo lilivyo la ajabu.

SAFARI, UWAZIRI NA KIFUNGO

Baba yake alifariki Ibn Sina akiwa na miaka 22 hivi, na dola ya Wasamani ilikuwa imekwisha anguka. Kuanzia hapo hakuwa na makao. Alikwenda Gurganj, akapita miji ya Khurasan, akafika Jurjan. Huko alimpata mwanafunzi wake Abu Ubayd al-Juzjani, ambaye hakumwacha mpaka kufa. Sehemu kubwa ya habari zake tumezipata kwa mkono wa al-Juzjani. Huko Jurjan ndiko alikoanza kuandika kitabu chake cha tiba, al-Qanun fi at-Tibb.

Kutoka Jurjan alikwenda Rayy, kisha Hamadan katika Iran ya leo. Mtawala wa Hamadan, Shams ad-Dawla, aliumwa na qulanj, yaani msokoto mkali wa tumbo. Ibn Sina alikaa naye siku 40 usiku na mchana mpaka akapona, na mwisho wake akafanywa waziri. Uwaziri ule ulikuwa balaa. Askari walimchukia, wakaivamia nyumba yake, wakampora kila alichokuwa nacho, na wakamtaka mtawala amuue. Mtawala hakukubali kumuua lakini alimfukuza. Akajificha siku 40 nyumbani kwa rafiki yake. Mara qulanj ikamrudia mtawala, akatafutwa, akaombwa radhi, akarudishiwa uwaziri ule ule.

Mchana alikuwa na kazi za serikali. Usiku wanafunzi walikusanyika kwake wakasoma kwa zamu, mmoja katika kitabu cha ash-Shifa, ambacho kinahusu falsafa na sayansi, na mwingine katika al-Qanun. Kwa hiyo kitabu kilichokuja kusomwa duniani kwa miaka mia sita kiliandikwa baada ya saa za kazi.

Shams ad-Dawla alipofariki mwaka 1021, Ibn Sina alishukiwa kuwa anaandikiana na mtawala wa Isfahan. Akafungwa katika ngome ya Fardajan kwa miezi 4. Humo gerezani aliandika vitabu, na kimojawapo ni kuhusu qulanj. Mkumbuke ugonjwa huu, tutaukuta tena. Baadaye alitoroka Hamadan yeye, ndugu yake, al-Juzjani na watumwa wawili, wamevaa nguo za masufi, wakafika Isfahan ambako alipokewa kwa heshima na Ala ad-Dawla.

ALIYOYASEMA JUU YA UVIMBE

Al-Qanun ina vitabu vitano ndani yake. Cha kwanza ni misingi ya tiba, cha pili dawa moja moja, cha tatu maradhi ya kila kiungo kuanzia kichwani hadi miguuni, cha nne maradhi yanayoenea mwili mzima kama homa, na cha tano dawa za kuchanganya. Maradhi ya ini yamo katika kitabu cha tatu, na yameelezwa kwa kirefu.

Uvimbe tunaouzungumzia hapa ni ule wenye moto na maumivu, kama unavyoonekana kwenye kidonda kilichoingia uchafu. Ibn Sina, akifuata waliomtangulia na kuongeza yake, alisema uvimbe una nyakati nne: kuanza, kuzidi, kufikia kilele na kupungua. Kisha una mwisho wake. Huenda ukayeyuka na kwisha, na hilo ndilo jema. Huenda ukageuka usaha. Au huenda usiyeyuke wala usitoe usaha, ukabaki mgumu.

Kwa hiyo dawa ya mwanzo haiwi dawa ya mwisho. Uvimbe unapoanza hutafutwa dawa ya kuuzuia, na unapoelekea kupungua hutafutwa dawa ya kuuyeyusha. Katika ini alitahadharisha zaidi. Dawa za kuyeyusha zisitolewe peke yake, bali zichanganywe na zile zinazokaza na zenye harufu nzuri, ili nguvu ya ini isipotee pamoja na uvimbe. Na ini likiisha kuwa gumu, alisema, maji hujaa tumboni. Ugonjwa huo wa maji Waarabu waliuita istisqaa.

Tusimzulie asiyoyasema. Wapo waandishi wetu ambao kila daktari wa leo akigundua jambo, wao husema limo katika al-Qanun. Hiyo si haki wala si elimu. Ibn Sina hakuwa na hadubini, hakujua seli wala vijidudu, na alifuata mafundisho ya Wayunani kwamba mwili unaendeshwa na namna nne za majimaji na kwamba damu hutengenezwa kwenye ini. Hayo yamekwisha kuonekana si sahihi. Mwanachuoni Ibn an-Nafis, aliyefariki mwaka 1288, alimpinga waziwazi kuhusu njia ya damu kati ya moyo na mapafu, na alifanya hivyo katika kuisherehesha al-Qanun yenyewe. Ndivyo Waislamu walivyokuwa wakisoma vitabu vya wakubwa wao. Sifa ya Ibn Sina katika jambo letu ni kwamba alitazama vizuri. Aliona kuwa uvimbe una mwisho wake, na kwamba mgonjwa hupona au huharibikiwa pale mwishoni.

INI LINALOKUWA GUMU HUKU KWETU

Sasa njooni nyumbani. Katika mialo ya Ziwa Victoria, kuanzia Geita na Chato hadi Mwanza na kwingineko, kuna kichocho cha tumbo. Watu wengi wanakijua kichocho cha mkojo wenye damu, ambacho kinapatikana sana Shinyanga kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Hiki cha ziwani kimejificha zaidi. Mdudu wake hutoka kwa konokono wa majini, huingia kwa ngozi mtu anapooga, kufua, kuchota maji au kuvua, na huenda kukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Humo jike hutaga mayai kwa miaka. Mayai mengine hutoka na choo. Mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama.

Kila yai lililokwama mwili hulizungushia uvimbe. Uvimbe huo una kazi, kwani hulinda ini na sumu ya yai. Lakini mayai yanaendelea kuja, uvimbe haupati nafasi ya kwisha, na mahali pake panaota kovu. Makovu yakijaa, damu haipiti vizuri katika ini. Bandama huvimba, maji hujaa tumboni, na mishipa ya umio hutuna mpaka siku moja hupasuka, mtu akatapika damu. Hapo ndipo jamaa hudhani amerogwa. Wengine humchanja chale juu ya bandama, na siku za kumwahisha hospitali zinapita.

Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ipo na hugawiwa shuleni, mtoto akipimwa urefu wake ili kujua idadi ya vidonge, na hunywewa baada ya kula. Wazazi, msiwafiche watoto siku hiyo. Dawa huua wadudu, lakini kovu kubwa lililokwisha kukomaa haliondoi mara moja.

Kichocho si adui pekee wa ini. Kuna virusi vya homa ya ini, aina B hasa, ambavyo watoto wachanga hukingwa kwa chanjo. Kuna sumukuvu katika mahindi na karanga zilizoota ukungu: mwaka 2016 ugonjwa wa ini uliotokana nayo uliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Na kuna pombe, pamoja na gongo inayouzwa karibu na machimbo, ambako kijana aliyetoka duarani mchana hukuta chupa inamngoja jioni. Mchimbaji ana madhara yake mengine pia. Neno letu zebaki ni lile lile la Kiarabu, na Ibn Sina aliitaja zebaki na kutahadharisha juu ya moshi wake. Wenye kuchoma dhahabu uani nyumbani, watoto wakicheza pembeni, wangefaa kulijua hilo, ingawa zebaki huanza na ubongo na figo kuliko ini.

MAFUTA YANAYOMALIZA UVIMBE

Kwa muda mrefu madaktari walidhani uvimbe hufa wenyewe, kama moto uliokosa kuni. Mwaka 1984, Charles Serhan na Bengt Samuelsson, waliokuwa wakifanya utafiti Stockholm, nchini Sweden, walieleza vitu vidogo vya mafuta ambavyo seli nyeupe za damu huvitengeneza, wakaviita lipoksini. Kuanzia mwaka 2000 Serhan na wenzake huko Boston, Marekani, wakaeleza vingine vinavyotokana na mafuta ya omega-3, ambayo kwa wingi hupatikana katika samaki. Viliitwa resolvini, kisha vikaja protektini na maresini.

Kazi yake ni hii. Uvimbe unapoanza, seli nyeupe hukimbilia mahali penye madhara kama watu wanaokimbilia nyumba inayoungua. Wanaosaidia ni wengi, lakini wakikaa mno wanavunja hata vilivyosalimika. Vitu hivi vya mafuta huzitaka seli hizo ziache kuja, na huziita seli nyingine kubwa zije kula zilizokufa na kusafisha mahali. Uvimbe huwa haukuzimwa kwa nguvu, umemalizwa. Amri hiyo ikichelewa au ikikosekana, seli za kutengeneza kovu huendelea na kazi yao, na ini huwa gumu.

Katika majaribio kwa panya wa maabara waliodhuriwa maini, baadhi ya resolvini na maresini zilipunguza kufa kwa seli na zilipunguza makovu. Ndiyo sababu watafiti wana matumaini ya kupata humo dawa ya ini siku moja. Lakini mpaka leo hakuna dawa ya aina hii iliyopitishwa kwa ajili ya kutibu ini la binadamu. Vitu hivyo huvunjika haraka mwilini, na kinachomponya panya mara nyingi hakimponyi mtu. Isitoshe, ukimaliza uvimbe huku mdudu bado anataga, au virusi bado vipo, au chupa bado iko mkononi, umefanya nini?

Tunalisema hili kwa sababu vidonge vya mafuta ya samaki huuzwa kwa maneno matamu. Dagaa wa ziwa letu wana mafuta haya ya omega-3, ni chakula kizuri na cha bei ya watu wa kawaida, basi wapeni watoto. Lakini mwenye macho ya njano, tumbo lililojaa maji au anayetapika damu, huyo aende hospitali. Dagaa hawatamtibu, na kidonge cha elfu hamsini hakitamtibu pia.

MAMBO ALIYOLAUMIWA

Haifai kueleza maisha ya mtu tukaficha upande mmoja. Ibn Sina mwenyewe ameandika kuwa alipokuwa kijana, usingizi ukimzidi katika kusoma usiku, alikunywa kikombe cha mvinyo ili apate nguvu. Al-Juzjani naye amesimulia kuwa baada ya darasa za usiku kulikuwa na waimbaji na vinywaji. Hilo ni haramu, na ukubwa wa elimu haulihalalishi. Ni ajabu kwamba aliyeandika kwa kirefu namna hiyo juu ya ini alikunywa kile ambacho leo tunajua ni miongoni mwa viharibuo ini vikubwa kabisa.

La pili ni zito zaidi. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimkosoa yeye na wanafalsafa wenzake kwa ukali katika mambo matatu: kudai kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mwenyezi Mungu huyajua mambo kwa ujumla wake tu, na kwamba kufufuliwa ni kwa roho bila miili. Ibn Taymiyya naye alimpinga. Wengine wamemtetea. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, aqida hatuichukui kwa Ibn Sina, tunayo kwa wenyewe. Lakini al-Ghazali huyo huyo hakukataa hesabu wala tiba, na aliwalaumu wale wanaodhani kuwa wanainusuru dini kwa kuikataa elimu iliyothibiti. Mwanafunzi wa madrasa anayetaka kusoma udaktari asiogope kutajiwa jina hili.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Miaka ya Isfahan ilikuwa ya utulivu kidogo, ingawa jeshi la Ghazna liliuvamia mji na baadhi ya vitabu vyake vikaporwa. Alikuwa akimfuata Ala ad-Dawla katika safari za vita, akiandika hata juu ya mnyama.

Katika safari mojawapo ilimpata qulanj, ule ugonjwa aliowatibu wafalme na kuuandikia kitabu akiwa gerezani. Kwa kuogopa kuachwa nyuma jeshi likikimbia, alijitibu kwa haraka, akajipiga bomba la dawa mara 8 kwa siku moja, na utumbo ukapata vidonda. Tabibu aliyekuwa akimsaidia alizidisha mbegu za figili-maji kuliko alivyoagizwa. Mtumishi wake mmoja akatia afyuni nyingi katika dawa yake, kwa kuwa watumishi hao walikuwa wamemwibia na waliogopa akipona atawaadhibu. Alipata nafuu, akaugua tena, akapata nafuu, akaugua. Alipofika Hamadan alijua kuwa nguvu za mwili wake zimekwisha, akaacha kujitibu.

Imepokewa kuwa katika siku zake za mwisho alitubu, akaoga, akatoa alichokuwa nacho sadaka kwa mafukara, akawarudishia watu haki zao aliowakumbuka, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anakhitimisha Qur'ani kila siku tatu. Alifariki katika mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijria (1037 Miladia), akiwa na umri wa miaka 58 kwa hesabu ya mwezi. Mwenyezi Mungu amsamehe na amrehemu.

Al-Qanun ilitafsiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona mjini Toledo, Hispania, katika karne ya 12, na ikafundishwa katika vyuo vya Ulaya hadi karne ya 17. Mwaka 1593 ilichapwa kwa Kiarabu mjini Roma, ikiwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya Kiarabu kupigwa chapa. Kaburi lake liko Hamadan, na watu hulizuru hadi leo.